Mwalimu Persis Mong'ina na Mtihani wa Jumamosi

Mwalimu Persis Mong'ina Makori, ambaye leo Jumapili tarehe 13 Agosti 1978 tumekusanyika hapa Birongo kumsindikiza, alizaliwa tarehe 2 Juni 1945 huko Magwagwa, upande wa Nyamira. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Zachariah Ratemo, mzee wa kanisa la Waadventista, na Mama Eucabeth Nyangate. Alifuatwa na wadogo watatu, na wote watatu walijifunza kutembea wakiwa wameshika gauni lake.

Alianza shule ya msingi hapo Magwagwa Januari 1953. Waliosoma naye bado wanasimulia siku ambapo mwalimu wa Kiswahili, mgeni kutoka pwani, alimwuliza mbele ya darasa baba yake alikuwa akifanya kazi gani. Persis alisimama wima akajibu, "Baba analima, anapika, na sasa ananyonyesha mtoto." Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Hakujua kwamba kwetu Wakisii mama ndiye tunayemwita baba, na baba tunamwita tata. Darasani hakuna mwingine aliyeona kichekesho. Jioni ile Persis alikwenda moja kwa moja kwa babake, akamwuliza, "Tata, na Wazungu nao wanakuitaje?" Maneno yalimwingia hivyo, na hayakumtoka tena.

Mwaka 1961 alijiunga na shule ya sekondari ya misheni, akamaliza kidato cha sita mwaka 1966, na Julai 1967 akaingia chuo kikuu Nairobi kusomea shahada ya Kiingereza. Jirani mmoja alimshauri afadhali achukue uuguzi, kazi inayoonekana. Alimjibu kwa heshima: "Mama, watoto wetu wanajua hesabu na wanajua historia, lakini swali likiandikwa kwa Kiingereza wanakuwa bubu. Nataka kuwa mwalimu wa sekondari niwafungue midomo."

Alisoma kwa bidii miaka mitatu. Mapema Februari 1970 ratiba ya mitihani ya mwisho ilibandikwa ukutani. Karatasi moja ya Kiingereza, ambayo bila hiyo hakuna shahada, ilipangwa Jumamosi tarehe 14 Machi, saa tatu asubuhi. Persis alisimama mbele ya ratiba ile mpaka wenzake wakaenda kula wakarudi. Alikuwa hajawahi kushika kalamu siku ya Sabato tangu azaliwe.

Alikwenda kumwona profesa wake. Bwana yule hakuwa mkali. Alimwambia kwamba mtihani hauwezi kuhamishwa kwa ajili ya mtu mmoja, kisha akaongeza kwa upole, "Ni muda wa asubuhi moja tu, Bi Ratemo. Mungu wako hatakunyima asubuhi moja."

"Si yeye anayeninyima, bwana," Persis alijibu. "Ni mimi niliyemwahidi."

Lakini alipotoka mle ofisini hakuwa shujaa. Alimwandikia babake barua, akamweleza yote, akamwomba amwambie la kufanya. Mzee alimjibu kwa Kikisii, kwa mwandiko wake wa taratibu: "Mwanangu, nimesoma barua yako mara tatu. Sabato nimekufundisha tangu ukibebwa mgongoni. Sasa wewe ni mtu mzima. Lolote utakalofanya, hapa ni kwenu." Hayo tu. Aliisoma siku baada ya siku akitafuta ndiyo au hapana, asione hata moja.

Asubuhi ya tarehe 14 Machi alivaa nguo zake za kanisani, akapita karibu na ukumbi wa mtihani wenzake wakiwa kwenye foleni, akaenda kusali. Baadaye alikiri kwa dada zake kwamba hakusikia neno hata moja la mahubiri. Alikuwa akitazama saa ya ukutani tu. Ilipogonga saa sita, alijua kalamu zimewekwa chini, akatoka nje akalia peke yake.

Alirudi Magwagwa bila shahada, akiambiwa angoje mwaka mzima kwa karatasi hiyo moja. Maneno sokoni hayakukosekana. "Miaka yote ile, amerudi na sanduku tu," mmoja alisema mbele ya mamake. Mama Eucabeth aliweka chini mkungu wake wa ndizi akamwambia, "Sanduku analo, na kichwa kipo pale pale kilipokuwa."

Mwaka huo wa kungoja ndio uliomleta Birongo. Mei 1970 shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wananchi, ilihitaji mtu wa kufundisha Kiingereza, akaajiriwa kama mwalimu asiye na cheti. Siku ya kwanza alifundisha kwa Kiingereza cha chuo kikuu, kipindi kizima, na alipouliza kama kuna swali, mwanafunzi mmoja mkubwa aitwaye Ogari, ambaye tayari alikuwa na ndevu, alisimama akasema, "Mwalimu, sauti tumeisikia. Maneno bado."

Hakukasirika. Alilala na jambo lile, na kesho yake akaja na njia nyingine. Aliwaambia wasimulie kwa Kikisii walichofanya leo asubuhi, kisha jana, kisha zamani za babu zao. Akawaonyesha jinsi neno linavyogeuka kila mara lugha yetu inapotenga ya leo na ya jana na ya kale. "Kumbe nyinyi mna akili ya kugawa wakati vipande vingi hivi," akawaambia, "mtashindwaje na Kiingereza chenye vichache?" Waliokuwa darasani siku hiyo, na baadhi yao wako hapa leo, wanasema ndipo lugha ile ilipoacha kuwa mlima. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba chuo kilimpa Kiingereza, lakini ualimu aliupata Birongo, katika mwaka ambao hakuutaka.

Jumatano tarehe 10 Machi 1971 aliketi akafanya karatasi ile, akafaulu. Alimaliza mwaka wa mafunzo ya ualimu mwaka 1972, na Januari 1973 akapangiwa shule ya sekondari ya wasichana karibu na mji wa Kisii, alikofundisha mpaka ugonjwa ulipomzuia. Hapo msichana mmoja wa kidato cha nne alimjia mwaka 1975 na swali ambalo yeye aliwahi kumwuliza babake, maana mtihani wa majaribio ulikuwa umewekwa Jumamosi. Mwalimu Persis alimwambia, "Sitakuchagulia. Ila usidhani mimi sikujuta. Zipo siku nilijuta sana." Kisha akaenda kwa mwalimu mkuu, akazungumza naye mpaka ikakubaliwa kwamba binti afanye karatasi yake jua likishatua, Sabato ikiwa imekwisha. Sabato ile yote alikaa naye katika chumba kimoja, ili binti asiongee na wenzake waliokwisha kuuona mtihani, na taa ilipowashwa akampa karatasi, akatoka nje taratibu.

Ndoa yake na Bwana Alfayo Makori, afisa wa kilimo cha majani chai, ilifungwa Jumapili tarehe 19 Desemba 1971. Walikutana pale pale shule ya harambee, Bwana Alfayo alipokuja na kijitabu cha Kiingereza kuhusu kuchuma chai akiomba mtu wa kukifasiri kwa wakulima. Persis alikisoma, akamrudishia, akasema, "Aliyeandika hiki hajawahi kuchuma chai." Bwana Alfayo alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata hiyo, bila kijitabu. Walijaliwa watoto wawili, Walter na Kemuma.

Moyo wake ulianza kumsumbua baada ya kuzaliwa Kemuma mwaka 1975. Alikuwa akipumzika katikati ya ngazi, akisingizia kwamba anatazama mandhari. Aprili mwaka huu alilazwa, na madaktari wakasema ni mlango wa moyo ulioharibika tangu utotoni. Hakulalamika.

Mwezi Mei babake alisafiri kutoka Magwagwa kumwona. Mzee Zachariah aliketi kando ya kitanda, akasema, "Mong'ina, ile barua niliyokuandikia haikuwa na neno langu. Nilikuwa naomba kila asubuhi ufanye ule mtihani. Mimi, mzee wa kanisa. Niliogopa kuliandika."

Mwalimu Persis alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. "Tata," akasema alipopata pumzi, "na mimi nilikuwa naomba kila asubuhi uniandikie niufanye."

"Ungeufanya?"

"Sijui. Mpaka leo sijui. Lakini nisingekuja Birongo."

Alimshika mkono babake, na wakakaa hivyo mpaka saa ya kuwaona wagonjwa ilipokwisha. Mzee mwenyewe ndiye aliyeagiza maneno haya yaandikwe humu, na yasomwe mbele ya kanisa bila kupunguzwa.

Mwalimu Persis alifariki Jumanne tarehe 8 Agosti 1978, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

Ameacha mume, Bwana Alfayo Makori. Watoto wake Walter, miaka mitano, na Kemuma, miaka mitatu. Wazazi wake, Mzee Zachariah Ratemo na Mama Eucabeth Nyangate. Dada zake wawili, na mdogo wake Cleophas anayesoma wasifu huu. Ameacha pia wasichana thelathini na wawili wa kidato cha nne, wale mnaowaona wamesimama pale kwenye ua na sare zao, ambao mwezi Novemba wataingia katika mtihani wa Kiingereza bila mwalimu wao. Juzi waliomba ruhusa ya kuubeba mwili kutoka barabarani mpaka hapa, nasi tuliwaambia jeneza ni zito. Walisema wanajua, na wakalibeba.

Dada, mwalimu wetu, pumzika sasa. Bwana akulinde katika amani yake mpaka asubuhi ile atakapotuamsha sote.