Mfarishi Wenye Pengo: Maisha ya Bibi Recheli Gerson Masolwa, 1944–2025

Ndugu waombolezaji, mfarishi wa viraka uliofunika jeneza una pengo katikati, upana wa kiganja. Mtaliona mtakapopita kuaga. Si kwamba familia hii imeishiwa uzi. Pengo hilo aliliacha marehemu mwenyewe, na sehemu kubwa ya maneno haya ni habari yake.

Bibi Recheli alizaliwa Ipole, wilayani Sikonge, Jumatatu tarehe 3 Aprili 1944, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Gerson Masolwa, mrina asali, na Mama Julieth. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, aliyeitwa Tunu. Bibi huyo aliletwa Tabora na msafara angali mtoto mdogo, ametekwa, na mahali alipotoka hakupajua jina. Hata hilo la Tunu alipewa njiani. Ndiye aliyeuanza mfarishi huu na kuacha desturi yake: akifariki mtu wa nyumba, binti mkubwa hukata pindo la nguo yake kabla ya mazishi na kuliunga pamoja na mengine. Kuna merikani humo, na kaki ya ndugu aliyebeba mizigo ya vita. Mchana, wakianika mahindi, Tunu alimfundisha Recheli viraka kimoja kimoja na majina ya wenyewe. Akifika katikati, penye kaniki nyeusi iliyolika kingo na kushonwa kwa uzi mwekundu, aliweka kiganja juu yake, akairuka bila kutaja jina. Mtoto akadhani ni kitambaa cha kuzibia tu. Tunu alifariki mwaka 1951.

Marehemu alisoma Ipole kuanzia mwaka 1953, kisha shule ya wasichana ya misheni, Sikonge, alikomaliza mwaka 1960. Toka 1963 hadi 1999 alifundisha ushonaji, miaka mingi zaidi hapa Ntalikwa. Wanafunzi wake mliopo mnalikumbuka neno lake. Hakugomba wala hakuchapa. Alipitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Fumua." Wapo waliofumua sketi moja mara tano na leo wana maduka yao mjini.

Tarehe 19 Desemba 1970 alifunga ndoa na Bwana Eliasi Raymundi wa Usoke, mkulima wa tumbaku na mfuga nyuki. Mzee Gerson alimpa binti yake mfarishi huu uende naye. Mwaka uliofuata mama mkwe alikuwa anakuja kuwatembelea, na bibi harusi, fundi mwenye sifa zake, aliona haya kutandika kitu chenye kaniki iliyochakaa. Akaifumua, akaweka kitenge kipya. Eliasi akaikuta ile kaniki uani, akaisokota pamoja na magome makavu, akaiwasha kufukizia nyuki.

Mzee Gerson alipofika wakati wa mavuno alipitisha kidole kwenye kitenge, akauliza kile cheusi kiko wapi. Akaambiwa.

"Ile ndiyo nguo aliyokuja nayo mama yangu," akasema. "Hakuwa na kingine cha kwao."

Hakulirudia tena neno hilo hadi anakufa. Eliasi naye, mpaka alipofariki mwaka 2004, hakuwahi tena kuwasha kitambaa chochote mzingani. Recheli akafumua kitenge chake, akapaacha wazi.

Kuanzia hapo, kila likizo, alifunga mfarishi katika kanga akapanda treni. Alishuka Usoke, Urambo, Kaliua, hadi Kigoma na Ujiji, akiuliza wanawake wazee kama wanaujua mshono ule. Kilichobaki kilikuwa matundu ya sindano kwenye bitana na vipande vitatu vya uzi mwekundu. Wengi walimpa ugali na kumtakia safari njema. Mwaka 2008, Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, mzee aitwaye Bibi Inamahoro aliugeuza mfarishi, akayagusa yale matundu, akasema bibi yake alikuwa akishona hivyo, kwa kuvusha uzi mara mbili, kule Burundi kabla hawajakimbia. Recheli alirudi na daftari lake. Chini ya jina la mahali aliandika: labda. Hakulifuta neno hilo, wala hakupata la kuliondoa.

Mwezi Machi 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Alitibiwa, akarudishwa nyumbani, akauguzwa na binti yake mkubwa, Josepha, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya na anayeyasoma. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, saa nne asubuhi, uji ukiwa bado wa moto.

Alhamisi mjomba Aleksi, mdogo wake marehemu, aliomba kwa upole kiraka cha dada yake kizibe pengo, watu wasije wakatucheka. Josepha alimjibu kwa maneno ya marehemu mwenyewe, aliyoyasema mwezi Mei: "Msinijaze pale. Pale si pangu. Nishoneni pembeni, nimlindie nafasi."

Marehemu ameacha watoto watatu, Gerson, Josepha na Rustika, wajukuu tisa, na mdogo wake Aleksi.

Tangu Jumatano Josepha hajalia. Wanaomwambia alie wana nia njema, lakini hakuna kinachokuja. Leo asubuhi alikata pindo la gauni la kanisani la mama yake, akaliunga pembeni ya pengo. Mshono umekwenda upande. Aliuweka mfarishi magotini, akakaa akingoja kusikia lile neno la mama yake la darasani. Alingoja muda mrefu. Kisha akakata uzi.

Mungu ampe Recheli pumziko la amani, na Tunu pia, popote palipo kwao.