Machteld Roelfsema na Neno Alilolikosea

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Jumanne tulimzika Machteld Roelfsema hapa Leiden. Mvua ilitunyeshea tangu kanisani mpaka makaburini, na sauti yangu mnaisikia ilivyo. Mtanivumilia.

Machteld alikuwa mtunzi wa kamusi. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi moja tu: kutafuta maneno ya Kiholanzi yaliyotoka kwa wengine. Lipi la Wafaransa, lipi la Wayahudi wa Amsterdam, lipi lilikuja na meli za viungo vya chakula kutoka Asia. Kazi ya kukaa. Kazi ya kuumiza macho na mgongo.

Kaka yake, Sjoerd, aliniambia: "Ukimwambia dada kahawa inapoa, anakueleza kwanza neno 'kahawa' lilivyofika bandarini. Mnakuja kuinywa imepoa kweli."

Mwaka 1983 kamusi yake ilitoka. Ndani yake mlikuwa na neno piekeren. Nani kwetu halitumii? Kuwaza na kuwazua jambo lile lile mpaka kichwa kinauma. Machteld aliandika kwamba limetokana na piek, yaani mkuki, kwa kuwa mawazo humchoma mtu. Alikuwa na hakika.

Mwezi uliofuata alifika ofisini Bi Letty Lapré. Mama wa miaka sabini, mzaliwa wa Surabaya, aliyehamia The Hague na wanawe baada ya Indonesia kupata uhuru. Alikuja kwa treni, kamusi imo kwenye mfuko wa sokoni.

"Mwanangu, hili umelikosea. Ni neno la kwetu. Pikir. Kufikiri. Mama yangu alilisema jikoni kila siku."

"Mama, sisi tunafuata maandishi. Unayo?"

"Namjua mama yangu."

"Mama si maandishi."

"Wewe naye! Na huo mkuki wako, nani aliuona?"

Machteld akacheka. Ofisi nzima ikacheka naye. Bi Letty akafunga mfuko wake, akaondoka.

Ikapita miaka minne. Siku moja Machteld alikuwa akisoma barua za zamani za Waholanzi walioishi Java, kisiwa cha kwao Bi Letty. Akalikuta lile neno. Akalikuta tena, na tena. Barua zote za kale zenye neno hilo zilitoka huko. Mkuki haukuwamo hata mmoja.

Sjoerd anakumbuka: "Alikuja kwangu, hata koti hakuvua. Akasema, 'Nilimcheka mtu aliyesema kweli.'"

Mkuu wake alimwambia aache, hakuna atakayegundua. Machteld hakuacha. Aliandika gazetini kwamba amekosea, kwa jina lake, akataja na jina la Bi Letty. Cheo cha kuongoza ofisi, alichokuwa amekaribia kukipata, akapewa mwingine.

Kisha akaenda The Hague, akabisha hodi.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Miaka minne! Ulikuja kwa miguu?" Bi Letty akamtazama hivi, kutoka juu mpaka chini. "Haya ingia, wali unapoa."

Tangu hapo alienda kila Alhamisi, miaka sita, mpaka Bi Letty alipofariki. Aliandika maneno ya Bi Letty na ya majirani zake. Toleo la pili la kamusi lilitaja majina ya waliomfundisha, mmoja mmoja.

Lakini alichoka, wasikilizaji wapendwa. Macho yaliisha. Miaka ya mwisho Sjoerd ndiye aliyemsomea. Alimuuliza kama anajutia kile cheo.

"Hapana," alijibu. "Najutia kile kicheko."

Sjoerd, pole sana. Poleni watoto wa Bi Letty, mlioketi na Sjoerd safu ya mbele kanisani kama jamaa wa marehemu.

Na sisi tuliobaki tujiulize: nani alikuja kutuambia alijualo, tukamrudisha mlangoni? Kama bado yu hai, tumwendee wiki hii.