Mizinga Yenye Alama Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi wa kule nyuma, itikieni, leo sitawachosha.

Mimi ni mtoto wa mrina asali wa huku Manyoni. Enzi za Mwingereza baba alioa mke wa pili. Mama akaona uchungu, akarudi kwao, nami nikamfuata. Baba akawaka: "Usikanyage tena hapa!" Nikaapa sitakanyaga. Kiburi changu na chake vilikuwa pacha!

Nikaenda Itigi kufanya kibarua cha reli. Mama akafariki, nikabaki peke yangu. Ndugu zangu, nilimkumbuka baba mpaka mwili ukaniuma! Nikisikia harufu ya moshi kwenye nguo za warina asali pale stesheni, nageuka haraka, labda ni yeye. Siye. Na yule mama mdogo nilimchukia, sikutaka hata atajwe. Nilibatizwa, lakini kila nikianza "Baba yetu", naishia hapohapo.

Siku moja nikaomba: "Bwana, mtoe baba moyoni mwangu, au nirudishe kwake!"

Haikupita muda, msimamizi akatupeleka kukata kuni za gari moshi, pori la karibu na kwetu. Nikainua macho, nikaona mzinga mtini, umechongwa unyayo wa kuku. Alama yangu! Baba alinipa nikiwa mdogo, na kwetu mtu hatundiki mzinga wenye alama ya mwenzake akauita wake. Mimi niliacha mzinga mmoja tu, mkuukuu. Huu ulikuwa mpya. Mbele yake mwingine, na mwingine! Nikaangusha shoka, nikalia mbele ya wenzangu.

Nikaenda nyumbani. Aliyenipokea ni mama mdogo. "Kila msimu anakuchongea," akasema. "Anasema, mwanangu atarudi akute hana asali?" Chuki yangu kwake Bwana aliing'oa palepale!

Baba alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, amezeeka. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mizinga yako imejaa. Miguu yangu haipandi tena."

Nikapanda, ndugu zangu! Machozi yananitoka, nyuki wananiuma, napanda!

Asante Yesu! Wewe uliyeapa hutaikanyaga nyumba fulani, mpe Yesu mkono, uende leo, wenyewe wangali hai. Baba yangu amekwisha kulala. Mama mdogo ninaye kwangu. Na "Baba yetu" siku hizi naianza, naimaliza, mpaka Amina.