Nani Kaiba Kelele za Loleza Stars?

Sie wa benchi la kahawa la Mama Goodness, hapa Mwanjelwa, ndio makao makuu ya mashabiki wa Loleza Stars duniani. Ukibisha nakuonyesha jezi. Siku ya mechi tunavaa kijani, tunakaa, tunanyamaza, tunasikiliza. Uwanja uko kule chini, lakini kelele zake zinapanda zenyewe mpaka kwenye kikombe. Ukisikia "Uuuuu!" ndefu, hilo bao. Fupi, mpira umegonga mtambaa panya. Mie kwa sikio la kulia peke yake nilishajua mfungaji ni nani na kavaa kiatu namba ngapi. Sasa mechi tatu zikapita, kimya. Hata chafya hakuna. Na siku ya mechi ya nne redio ikatangaza: leo tukicheza na Gangilonga United ya Iringa, uwanja ukionekana mtupu tena, timu inahamishwa kutoka Mbeya. Sasa Mbeya bila Loleza ni nini? Stendi yenye baridi. Kwa hiyo siku hiyo hakukuwa na utani. Tulikuwa tunamtafuta mwizi wa kelele.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Spika, yaani Ambokile muuza mitumba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuongea polepole.

Spika: Mechi imeanza?

Satelaiti: Kitambo.

Spika: Umesikia nini?

Satelaiti: Bajaji.

Spika: Hapa kuna mkono wa mtu, aisee! Kelele za watu elfu hamsini zinapoteaje kama soksi?

Satelaiti ndiye Eliezeri, fundi simu. Akikutengenezea simu inarudi inashika stesheni za Zambia. Akasogea karibu, akaangalia nyuma kwanza.

Satelaiti: Nimechunguza. Ule mnara mpya pale juu mnaudhani wa simu? Unanyonya. Kelele zikipanda tu, zinavutwa, zinapelekwa Dar.

Mie: Dar wazifanyie nini?

Satelaiti: Wanajazia viwanja vyao! Juzi naangalia mechi yao kwenye tivii, nikasikia mtu kule jukwaani anatukana Kinyakyusa. Mnyakyusa gani yule? Ni kelele yetu ile!

Mie: Mnara mdogo huo. Mie fizikia nimesoma mpaka kitabu kikaomba kupumzika. Sauti inazuiwa na ukungu. Ukungu wa siku hizi unatokea upande gani?

Spika: Makambako.

Mie: Na ukipita Makambako unafika wapi?

Wote tuligeuka kumtazama Kalinga.

Kalinga ni kinyozi wetu. Ametokea Mlandege, Iringa, akaoa hapa, na hakuna kichwa kwenye benchi hili ambacho hajakishika. Sasa fikiria mtu wa Iringa ameshika vichwa vyenu miaka yote hiyo.

Spika: Kalinga, mwanangu. Mbona kimya?

Kalinga: Nakunywa kahawa.

Spika: Unawaza nini?

Kalinga: Nawaza imepoa.

Satelaiti: Hebu fungua zipu ya koti.

Kalinga: Jezi hii hapa. Kijani. Mmeridhika?

Satelaiti: Na chini ya jezi?

Kalinga: Fulana. Si baridi?

Satelaiti: Rangi gani?

Kalinga: Nyekundu, lakini...

Benchi zima likaguna. Gangilonga wanavaa nyekundu!

Kalinga: Jamani, watoto wangu wamezaliwa hapahapa. Mie nitakuwa wa wapi tena?

Mie: Sikiliza, kaka. Timu ikihama leo, na wewe unahama benchi hili. Nywele tutanyolewa Uyole.

Mama Goodness: Mwacheni mwenzenu!

Spika: Mama, wewe mimina.

Kalinga akainamia kikombe. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa cha mwisho.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja mtu mzima, kajifunga kitenge cha kijani, begi kichwani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

Mama: Habari za hapa, wanangu? Kamwene!

Kalinga: Kamwene, mama!

Satelaiti akanifinya paja. "Umesikia? Salamu ya Iringa! Wanapeana alama!"

Mama: Naitwa Paskalina, nimetoka Igowole. Basi limetuharibikia njiani. Mwanangu Saulo ndiye anayedaka Loleza Stars. Nilivyoona jezi nikasema, nimefika kwa wenyewe.

Mie: Umefika, mama! Saulo mtoto wetu! Huyo kazaliwa na Mbeya!

Paskalina: Nimemzaa mimi. Igowole.

Spika: He! Kumbe kipa naye wa Iringa?

Satelaiti: Wamemweka golini kabisa!

Paskalina: Mechi imeisha?

Spika: Bado. Kaa tusikilize. Kuna mtu anaiba kelele za uwanjani, tunakaribia kumkamata.

Mama akashusha begi. Akatutazama jezi kwa jezi. Akatazama na barabarani: muuza nyanya kijani, madereva bajaji kijani, wauza viatu kijani, Mwanjelwa nzima imetega masikio.

Paskalina: Sasa wanangu, kama nyie wote mko huku, kule mnategemea nani apige kelele?

Satelaiti akageuka kuutazama mnara wake. Spika akanitazama mie msomi. Mie nikatazama kahawa.

Kalinga akaweka kikombe chini, akabeba lile begi.

Kalinga: Twende mama, tuwahi bajaji ya uwanjani.

Spika: We Kalinga! Unakwenda wapi na mechi inachezwa?

Hakugeuka. Mama Goodness naye akamwaga mashapo ya kahawa, akafunika jiko, akatoa vuvuzela chini ya meza, akawafuata. Tukabaki na benchi na vikombe vitupu, masikio tumeyasimamisha.

Baadaye kidogo, kule chini, ikapanda sauti moja nyembamba. Ikakatika. Ikapanda tena.

Satelaiti: Bao hilo?

Mie: Hapana. Saulo kadaka.

Spika: Mbona ni sauti ya mtu mmoja? Halafu ina lafudhi.

Satelaiti: Ya wapi?

Spika: Iringa.

Tukatazama pale Kalinga alipokuwa amekaa.

Mie: Si niliwaambia? Kelele anazo yeye.