Barua Tatu za Bibi Chemsha

Ndugu waombolezaji, majirani, na wakubwa wa kazi mliokaa pale mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, yule niliyezaliwa nyuma yake nikamwachisha ziwa, na familia imenituma nisome historia yake kwa upole. Nimejitahidi, lakini upole umenishinda, mtanisamehe.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu seremala, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, ambao tulibaki wanne, kwa sababu kitinda mimba wetu alikufa kwa kuhara mwaka 1979, akiwa na miezi kumi na mmoja, na mama akaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Dada hakubishana na Mungu, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyekunywa maji nyumbani kwetu kabla yeye hajayaona yakitokota.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akamaliza sekondari mwaka 1985, akahitimu chuo cha afya mwaka 1991, na tarehe 1 Julai mwaka huo akaajiriwa kuwa bibi afya wa eneo hili, akikagua visima, vyoo na mabucha, na kila Jumatatu akitia dawa kisima cha soko kwa mkono wake. Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi cherehani, na siku hiyo hiyo, akiwa ndani ya shela, aliingia jikoni kumuuliza mpishi kama maji ya kunywa yamechemshwa, ndipo mtaa mzima ukambatiza Bibi Chemsha. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1998, ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa mwaka 2002, fundi umeme.

Kila mwezi alijaza fomu yenye safu ya wagonjwa wa homa ya matumbo, na kwa miaka minane mfululizo aliandika humo neno moja, hakuna. Tarehe 2 Mei 2019 mkuu mpya wa idara alimwita, akazipekua fomu hizo, akamuuliza, "Dada, wagonjwa wako wako wapi?" Akajibu, "Hakuna." Akaulizwa, "Sasa kazi unayofanya ni ipi?" Akajibu, "Ndiyo hiyo." Wakubwa wakacheka, wakamhamishia masijala kupanga mafaili, na dawa ya kisima ikakoma wiki hiyo hiyo, ilhali ukutani nje ya ofisi yao pameandikwa kwa rangi ya bluu, herufi kubwa kuliko mlango, kwamba kinga ni bora kuliko tiba.

Mfuniko wa kisima ulipopata ufa, na choo cha soko kiko hatua kumi na mbili tu upande wa juu wa mteremko, dada aliandika barua kuomba uzibwe, tarehe 11 Juni 2021, tarehe 3 Februari 2022 na tarehe 20 Septemba 2022. Barua zote tatu zilipanda hadi meza ya mkuu, zikaandikwa pembeni neno "Ihifadhiwe", zikateremka masijala, na mtu wa masijala alikuwa ni nani kama si yeye, akazitoboa, akazifunga kwenye faili kwa mikono yake mwenyewe. Ufa ule ni kazi ya fundi mmoja na mfuko mmoja wa saruji, nusu siku, na asubuhi hii nimepita pale, bado upo.

Mnaulizana Bibi Chemsha aliyapata wapi maji mabaya. Aliyapata ofisini, kwenye dumu la maji ya kunywa, ambalo mabomba yalipokauka lilijazwa kisimani bila kuchemshwa na bila yeye kuambiwa, wakati mkuu anakunywa ya chupa. Aliugua homa ya matumbo tarehe 6 Machi 2023, baada ya watu kumi na wanne wa mtaa huu kuugua, utumbo ukatoboka, akapasuliwa mara mbili, akafariki Jumatano tarehe 29 Machi, saa nne asubuhi. Sikio la kufa halisikii dawa, wazee walisema, lakini hapa aliyekufa siye mwenye sikio.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakulala kwa ajili ya ugonjwa ambao haukupaswa kuwafikia, tunawashukuru majirani mliochemsha maji ya msiba huu wote bila kukumbushwa, na wenzake wa masijala mlionionyesha lile faili. Historia hii nimeiandika nakala mbili, moja inakwenda naye, na ya pili nitamkabidhi mkuu wa idara sasa hivi mbele yenu, aandike pembeni neno lolote apendalo, isipokuwa lile moja.

Dada, pumzika kwa amani, faili lako tumelifungua.