Shaba Iliyotupwa Jalalani

…na ndiyo maana, Mheshimiwa Lombe, yale tuliyoyaanza pale mezani nimeona afadhali niyamalizie hapa mbele ya wote, kwa sababu uliniuliza swali na kabla sijalijibu jina langu likaitwa.

Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wote, wazazi wetu mliotoka zamu ya mgodini asubuhi hii na bado hamjalala, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi, na wewe mwenye siku yako, Mwalimu Ngosa, unayestaafu baada ya kufundisha kemia hapa tangu wengi wetu hatujazaliwa: nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi naitwa Mukuka. Nilimaliza darasa la kumi na mbili katika shule hii, na sasa nashona nguo sokoni. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wanafunzi wa zamani. Na yule bwana anayejificha nyuma ya mama mwenye kilemba kikubwa ni Chisanga, mume wangu. Tumeoana juzijuzi tu, hata zawadi nyingine hatujazifungua. Simama, baba, wakuone! Haya, keti, wasije wakakuzoea.

Mheshimiwa Lombe, mwenyekiti wetu wa bodi, amenieleza kwamba bodi inafikiria kuigeuza maabara kuwa darasa la kawaida. Mabomba yanavuja, Mwalimu Ngosa anaondoka, na wanafunzi wanaweza kufanya ule mtihani mbadala wa vitendo, wa kuandika tu. Akaniuliza, "Binti yangu, kwani kilichomo maabara si ndicho kilichomo kitabuni?"

Jibu langu, Mheshimiwa, ni mume wangu.

Msicheke kwanza. Tulipokuwa darasa la kumi na moja, maabara ile ilikuwa na chupa moja tu ya shaba. Shule iko chini ya bomba la moshi la tanuri la kuyeyushia shaba, mabehewa ya shaba yanapita nyuma ya choo cha wavulana mchana kutwa, na sisi tuna chupa moja! Kwa hiyo Mwalimu Ngosa aliweka sheria: kila wawili wapime shaba yao, waibadilishe kama somo linavyotaka, na mwisho wairudishe chupani ikiwa shaba tena. Usiporudisha, darasa linalofuata halina cha kufanyia kazi. Siku ile darasa la kumi walikuwa wamekwisha panga mstari mlangoni.

Mimi nilipangwa pamoja na Chisanga. Tukaitia shaba kwenye tindikali, madirisha wazi kwa sababu ya ule moshi wa kahawia, ikayeyuka ikawa maji ya samawati. Tukatia magadi makali, pakatokea utando mzito wa samawati kama uji. Tukaupasha moto, ukageuka unga mweusi. Tukauchuja. Nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi, karatasi ya kuchujia haipo.

"Ule unga uko wapi?" nikamuuliza.

"Nimetupa. Si makapi yale?"

Darasa zima likaangua kicheko. "Mtoto wa tanuri katupa shaba!" "Mzee wako analipwa kuitoa, we' unaimwaga!" Maskini Chisanga akanyoosha kidole dirishani, kwenye ule mlima wa makapi ya tanuri tunaouona sote kila siku tukiamka. "Lakini, Madamu, ule unga ulikuwa mweusi. Hapa kwetu cheusi ndicho kinachotupwa."

Mwalimu Ngosa hakupandisha sauti. "Kwenye jaribio la juzi niliuliza oksidi ya shaba ina rangi gani. Uliandika nini?"

"Nyeusi, Madamu."

"Nikakupa alama ngapi?"

"Zote, Madamu."

"Basi zifuate jalalani."

Nikasema, "Madamu, mimi sikutupa kitu." Akanitazama. "Waliopewa shaba ni wawili, Mukuka."

Na jalala lenyewe, ndugu zangu, lilikuwa nyuma ya jiko la shule, pale wapishi wanapomwaga majivu na vumbi la makaa. Unga mweusi ndani ya vumbi jeusi! Karatasi tuliikuta imeraruka, tupu. Tulipiga magoti tukakusanya karai zima la weusi, wapishi wakituuliza kama tumetumwa kupika nshima, ugali wa makaa. Tuliporudi, Mwalimu akauliza jambo moja tu: "Ni nini kitakachoila oksidi ya shaba na kuyaacha makaa?"

Mimi nikanong'ona, "Asidi ya salfuriki, Madamu?"

"Mbona unaniuliza mimi? Liulize karai."

Tukatia asidi iliyozimuliwa. Majivu yakatoa povu mpaka nikaogopa. Tukapasha moto, tukachuja, tukainama wote wawili kutazama mdomo wa chujio. Tone la kwanza likaanguka, na jamani, lilikuwa la samawati! Chisanga akanishika mkono bila kujua kwamba ameushika. Mimi nilijua. Mpaka leo sijapata kuona rangi nzuri kama ile, hata kitenge cha harusi yangu nilikitafuta cha rangi hiyo hiyo.

Tukatumbukiza misumari, ikavaa koti jekundu la shaba. Tukakwangua, tukaosha, tukakausha, tukapima. Ilikuwa pungufu. Mume wangu mpenzi akanong'ona, "Nina kipande cha waya mfukoni, tuongezee?" Mwalimu Ngosa alikuwa nyuma yetu. "Rudisheni mlichopata," akasema, "na mwandike kilichopungua." Darasa la kumi wakaingia, wakafanya somo lao.

Sasa, Mheshimiwa, hebu niambie: kitabu kilikosea wapi? Hakikukosea. Chisanga alikisoma, akakielewa, akapata alama zote, na bado mkono wake ukaitupa shaba. Leo ni fundi wa mabomba kwenye kiwanda cha kusafishia shaba, na wakubwa wake wanamwamini. Je, mngependa wapate kijana aliyepata alama zote ambaye mkono wake haujawahi kukosea mahali penye mwalimu?

Mwalimu Ngosa, hukutupigia kelele, hukutufanyia kazi yetu, wala hukutuacha tudanganye. Nyumba yangu mpya inaendeshwa hivyo. Tunakupenda mno.

Na wewe Mwalimu Sampa, unayepokea kiti chake, najua umesema huwezi kuendesha peke yako maabara yenye mabomba mabovu. Hutakuwa peke yako. Chisanga na mafundi wenzake wa bomba wamekubali kuyatengeneza, na mimi nitashona aproni za darasa zima.

Mheshimiwa Lombe, sikudai jibu leo mbele za watu. Naomba tu meza za maabara zisitolewe kabla hujaona kazi yetu. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia, maana bibi harusi akipewa kipaza sauti hajui kukirudisha. Kabla mwezi huu haujaisha, Jumamosi asubuhi, mimi na mume wangu tutakuja na spana zetu. Tukute mlango uko wazi.