Shangazi Rafu na Wanafunzi Arobaini na Sita

Marehemu, ambaye nusu yenu hapa mnamjua kwa jina la Shangazi Rafu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tano kati ya saba wa fundi cherehani. Mama yetu alikuwa akisema kwamba alizaliwa akilia na hakunyamaza mpaka alipojua kusoma. Sisi wadogo zake tunasema hapo ndipo kelele zilipozidi, maana alitusomea hata karatasi za kufungia sukari.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973. Shule ilikuwa na kabati moja la vitabu, la kioo, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa mwalimu mkuu. Miaka saba alisimama mbele ya kabati lile, akayakariri majina yote migongoni mwa vitabu, asifungue hata kimoja. Alimaliza sekondari mwaka 1983 akiwa bado na kinyongo, na hakukificha.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika maktaba ya umma kama mhudumu wa usafi. Alisoma jioni, mwaka 1994 akawa mkutubi. Katikati ya hapo, mwaka 1990, aliolewa na fundi bomba aliyekuja kuziba bomba lililokuwa likivujia rafu ya kamusi. Fundi alikuja mara tatu kwa bomba lile lile. Shemeji mwenyewe amekiri kwamba tundu la pili na la tatu aliyatoboa yeye.

Mwaka 2018 alikabidhiwa chumba cha vijana, ghorofa ya pili: viti thelathini vipya, rafu za kufikika kwa mkono, na kufuli hakuna. Dirishani uliiona sekondari ya ng'ambo ya barabara, lakini wanafunzi wake hawakuvuka. Walidhani ni ofisi. Basi akaamua darasa moja liletwe rasmi, wakione, wakizoee. Barabara ile ni hatua sitini tu. Barua zake zilichukua miaka mitatu. Maktaba ilitaka muhuri wa shule kwanza, shule ikasema muhuri hutolewa maktaba ikishakubali, na kila mwalimu mkuu mpya alitaka barua mpya. Alipigwa danadana mpaka akakonda.

Hatimaye ikapatikana tarehe: Jumatano, 16 Machi 2022, saa tatu asubuhi. Fomu ya ziara aliiandika yeye mwenyewe: "Kikundi kisizidi wanafunzi thelathini. Hakuna nyongeza." Viti vilikuwa thelathini, naye hakutaka mtoto yeyote asimame kando akitazama wenzake. Siku hiyo, yeye akiwa juu anapanga vitabu mezani, mwalimu wa Kiswahili alifika getini na darasa zima, watoto arobaini na sita. Hakuna aliyekubali kubaki.

"Mwalimu, hapa pameandikwa thelathini," mlinzi alisema.

"Sasa hawa kumi na sita niwatupe wapi? Wote, au hakuna."

Mkurugenzi wa maktaba alikuwa akipita. Akaulizwa. "Utaratibu ni utaratibu," akasema, akaingia ofisini. Hakuna aliyepanda ngazi kumwita marehemu. Aliposhuka saa nne kuuliza mbona wageni wamechelewa, mlinzi alimjibu, "Nimewarudisha, dada. Si wewe uliyeandika?"

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na kweli hakuambiwa. Alikaa kwenye ngazi akalia kama mtoto. Kesho yake aliukata mstari ule, akaandika juu yake, "Waje wote, wengine watakaa sakafuni," akaipeleka fomu kwa mkurugenzi aitie saini. Ilikaa huko karibu miezi kumi na minne. Kila Jumatatu aliuliza, na kila Jumatatu aliambiwa, "Tunalishughulikia, mama."

Agosti 2022 figo zilianza kumsumbua. Akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na akitoka hospitali anapitia kazini kuuliza fomu. Aprili mwaka huu alilazwa, na mwalimu wa Kiswahili akaja kumjulia hali.

"Wale watoto vipi? Bado wananiulizia?"

"Wamemaliza shule, dada. Tangu Novemba."

Aligeukia ukutani, na siku ile hakula. Daktari ameandika figo. Sisi tuliokaa naye wodini tunajua kilichomvunja. Alifariki Jumanne, 9 Mei 2023, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, ndugu wanne, na chumba chenye viti thelathini ambavyo darasa halijawahi kuvikalia.

Jana mkurugenzi alileta shada la maua, akaiambia familia kwamba chumba kitapewa jina la marehemu. Ahsante, mzee, umekaa mstari wa mbele na unasikia. Familia haitaki jina mlangoni. Fomu bado iko mezani kwako, chini ya kalenda. Mumewe aliiona juzi alipofuata miwani ya mkewe. Itie saini.

Mungu ampumzishe, maana sisi tulimchosha.